Namna ya kuifuata Marekani baada ya uchaguzi, ukiwa Bukavu

Maelekezo haya ni ya mtu wa Bukavu, au wa kokote Kivu, ambaye mambo ya Washington yanafika hadi kwenye chungu chake ingawa kule hapigi kura: negosia wa madini, yaani mnunuzi wa kati, muuguzi wa kituo cha afya kinachotegemea dawa za msaada, mama anayeuzia watumishi wa mashirika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Tafuta daftari la kurasa 100, kalamu mbili, moja nyekundu na moja ya buluu, redio, na mega chache za intaneti za kuhakikisha namba unazozisikia. Kiingereza si lazima. Namba zinasomeka kwa lugha zote.

Kazi hii niliingia kwa hasara. Nitaieleza hasara yenyewe, maana ndani yake mna swali ambalo daftari langu lote limejengwa juu yake.

Februari 2017 nilikuwa negosia pale Nyabibwe, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Goma. Donald Trump alikuwa hajamaliza hata wiki tatu ikulu. Ujumbe ukaingia WhatsApp: rais mpya amefuta Loi Obama. Ndivyo tunavyoita huku kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010, kinachotaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Marekani ziseme kama bati, tantali, tungsteni au dhahabu yao imetoka Kongo au kwa majirani zake, na kama imewanufaisha wenye silaha. Kwa sababu ya sheria hiyo, tangu mwaka 2012 mfuko wa kasiteriti, yaani mawe ya bati, kutoka karie (machimbo) ya Kalimbi ulikuwa haushuki hivi hivi. Ilikuwa lazima uwe na etiketi: kipande cha plastiki chenye namba, kimefungwa shingoni mwa mfuko kiasi kwamba huwezi kukitoa bila kukikata.

Mzigo usio na etiketi ulikuwa bei ya chini sana. Nikapiga hesabu: sheria imekufa, etiketi zitakufa, bei italingana. Nilichukua zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, nikaongeza mkopo wa shemeji, nikanunua kilo 400. Kasiteriti ni nzito, mfuko wa kilo 50 unakaa kama mtoto aliyekunja magoti. Mifuko minane ilienea chini ya kitanda. Kununua mzigo ule lilikuwa kosa, na sitalipamba.

Nilipofika komptuari moja hapa Bukavu, nyumba inayonunua madini, kijana wa mizani hakupima chochote. Aligeuza shingo ya mfuko wa kwanza, akapapasa kwa kidole mahali etiketi inapokaa, akageuza wa pili.

“Papa, etiketi iko wapi?”

Nikamwambia sheria imefutwa, Trump ameifuta.

“Nani aliipigia kura?”

Sikuwa na jibu. Niliyokuwa nimeisoma ilikuwa habari ya rasimu ya amri iliyovuja, ambayo haikutiwa saini kamwe. Juni mwaka huo Baraza la Wawakilishi lilipitisha kweli muswada ambao ungekifuta kifungu hicho, lakini Seneti haikuupitisha, na kifungu cha 1502 kikabaki kwenye sheria. Mimi nilirudisha mzigo kwa aliyeniuzia, akanipa theluthi ya fedha yangu. Deni la shemeji nililimaliza baada ya mwaka na nusu.

Basi, hatua ya kwanza. Kila unaposikia “Marekani imeamua”, andika chini yake kwa mkono wako: nani aliipigia kura? Kama ni mtu mmoja ametia saini mezani, tumia kalamu nyekundu. Kama limepita mabaraza yote mawili na rais ametia saini, tumia buluu. Kama ni rasimu, hotuba au ahadi ya kampeni, usiandike kitu. Siku ile ningekuwa na kalamu hizi mbili, nisingelala juu ya mifuko minane.

Ukurasa wa mbele weka tarehe. Uchaguzi wa rais ni Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Wajumbe wa uchaguzi, wale 538 ambao ndio wanaomchagua rais hasa, wanakutana Desemba, kila mmoja katika jimbo lake. Bunge jipya linaanza tarehe 3 Januari. Tarehe 6 Januari kura za wajumbe zinahesabiwa mbele ya mabaraza yote mawili. Tarehe 20 Januari, saa sita mchana ya Washington, rais anaapa. Miezi hiyo sisi Bukavu tuko mbele yao kwa saa saba, kwa hiyo kiapo ni saa moja jioni kwetu. Watu wengi huku huizima redio mshindi akishatajwa. Mimi nasema ukitaka kulala, lala usiku wa kura. Vituo vya kwanza vinafungwa saa saba ya usiku wetu, na hakuna cha maana utakachokijua kabla ya jua kuchomoza.

Jambo moja linawachanganya sana majirani zangu: Marekani haina CENI, tume ya taifa ya uchaguzi kama yetu. Hakuna ofisi moja ya taifa inayohesabu kura na kutangaza. Kila jimbo linahesabu zake, kwa taratibu zake. Mshindi unayemsikia redioni asubuhi ametajwa na vyombo vya habari kwa hesabu zao, na uthibitisho wa majimbo unakuja baadaye. Ndiyo maana mwaka 2000 walikaa zaidi ya mwezi mmoja bila kujua rais ni nani, mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha kuhesabu upya Florida, na George W. Bush akachukua jimbo hilo kwa kura 537. Na ndiyo maana mwaka 2016 Hillary Clinton aliweza kupata kura karibu milioni 2.9 zaidi ya Trump na bado akashindwa. Mwaka 2024 Trump alipata wajumbe 312, Kamala Harris 226. Ukiangalia wajumbe unaona mlima, lakini kwa kura za watu ni kama 49.8 kwa 48.3 katika kila mia. Andika hesabu zote mbili, moja kando ya nyingine. Ya kwanza inakuambia nani anaingia ikulu. Ya pili inakuambia nchi anayoikuta imegawanyika kiasi gani, na kwa nini nusu ya watu wataamka kesho wakiwa na uchungu.

Sasa viti. Ukurasa huu ndio mimi naupenda kuliko yote, na ukiuacha, daftari lako ni bure.

Mtu wa Kongo hahitaji kufundishwa na mgeni maana ya rais asiye na bunge. Tulikaa ndani yake. Félix Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, na FCC, muungano wa vyama wa Joseph Kabila, rais aliyemtangulia, ilikuwa na wabunge zaidi ya 300 kati ya 500. Waziri Mkuu alipatikana Mei, na serikali ikatangazwa mwishoni mwa Agosti. Miezi saba ilikwenda hivyo, na hata baada yake rais alikuwa akivuta huku na mawaziri wa upande wa pili wakivuta kule, hadi Desemba 2020 ushirika ulipovunjika na wabunge kuhama kwa makundi kwenda Union sacrée, muungano mpya wa Tshisekedi. Kumbuka miezi ile, kisha toa kitu kimoja: Marekani wabunge hawahami hivyo. Fundo likifungwa Novemba, kwa kawaida linabaki limefungwa hadi uchaguzi unaofuata. Kwao unakuja kila baada ya miaka miwili.

Baraza la Wawakilishi lina viti 435, na wingi ni 218. Seneti ina viti 100, viwili kwa kila jimbo, na zikilingana kura 50 kwa 50 Makamu wa Rais ndiye anayeamua. Baada ya uchaguzi wa 2024 Warepublican, wale wa nembo ya tembo, walipata 53 katika Seneti na 220 katika Baraza. Vijana wa kwetu walisema: basi wamechukua vyote, watafanya watakavyo. Toa basi hesabu. Kati ya 220, wakigeuka watatu tu na wengine wote wakapiga kura, wanabaki 217 na muswada umeanguka. Chama nacho kinagawanyika ndani yake, kama familia inayogombea shamba la baba. Januari 2023, wakiwa na wingi mwembamba wa aina hiyo hiyo, Warepublican walipiga kura mara 15 kabla ya kumpata Spika, Kevin McCarthy. Oktoba mwaka ule ule wanane kati yao wakaungana na Wademokrati kumwondoa, na Baraza likakaa wiki tatu bila Spika.

Katika Seneti, mbali na 51, andika namba 60 na uizungushie duara. Kwa miswada mingi, mjadala haufungwi mpaka maseneta 60 wakubali. Wachache wakikataa, muswada unabaki mlangoni. Loi Obama yenyewe ilipita Julai 2010 kwa kura 60 kwa 39, wakati Wademokrati wakiwa na mabaraza yote mawili. Novemba mwaka huo huo wakapoteza viti 63 na Baraza la Wawakilishi pamoja navyo. Ingechelewa miezi sita tu, sidhani kama ingepita. Na mlango huo huo uliokuwa mwembamba kuingilia ndio ulioizuia kutoka mwaka 2017. Nilipolielewa hilo, nilielewa kwa nini kijana wa komptuari hakuwa na wasiwasi.

Mlango mdogo wa nyuma upo, na ni vizuri uujue. Uteuzi wa majaji na mawaziri hauhitaji 60. Sheria za bajeti za utaratibu maalumu hazihitaji 60: ile kubwa ya kodi ya mwaka 2025 ilipita Seneti 50 kwa 50 na kura ya Makamu wa Rais JD Vance. Na kufuta fedha ambazo Bunge lilikwisha kuzitenga hakuhitaji 60. Huu wa mwisho ulitugusa sisi.

Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kiapo, Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90. Mtoto wa dada yangu alikuwa akifanya kazi katika mradi wa lishe ya watoto huko Walungu. Jumatatu ya tarehe 27 aliambiwa akae nyumbani. Ni siku ile ile waasi wa M23 walipoingia Goma, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na masikio ya kusikia habari ya mradi. Alikuja kwangu jioni na kile kipimo cha mkono, ule utepe wa kijani, njano na nyekundu wanaomfunga mtoto juu ya kiwiko. Alikuwa ameusahau mfukoni. Akauliza: “Mjomba, siku 90 ni kweli 90?”

Nilifungua daftari. Nilimwambia hii ni kalamu nyekundu, mtu mmoja ameandika, mahakama zinaweza kuigusa, na fedha hizo zilipigiwa kura na Bunge. Nilimwambia asubiri. Hapo nilikosea, na ni vizuri nawe ujue nilikosea wapi. Niliichukulia nyekundu kama kitu chepesi. Machi, kabla hata siku 90 hazijaisha, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa. Julai Bunge likafuta kiasi cha dola bilioni 9, nyingi zikiwa za misaada ya nje, kwa kura 51 kwa 48 katika Seneti na 216 kwa 213 katika Baraza. Nyekundu ilikuwa imegeuka buluu. Kwa hiyo siku hizi chini ya kila mstari mwekundu naongeza mambo mawili: inaumiza kuanzia lini, na wana viti vya kutosha kuigeuza sheria? Amri inaweza kufutwa kesho na jaji, au na rais ajaye. Lakini mtoto wa Walungu anapimwa mkono wiki hii.

Mtoto wa dada yangu sasa anauza vitenge sokoni Kadutu. Utepe ule uko ndani ya daftari langu, kama alama ya ukurasa.

Ukurasa wa pesa ni mfupi. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani unaanza tarehe 1 Oktoba. Bunge lisipokubaliana kufikia hapo, ofisi zisizo za lazima zinafungwa na watumishi wanakosa mshahara, ingawa tangu sheria ya mwaka 2019 wanalipwa yote baadaye, jambo ambalo mwalimu wa Bukavu atalisikia kwa wivu. Mwaka 2018 hadi 2019 ilikuwa siku 35. Mwaka 2025 ilianza tarehe 1 Oktoba, ikaisha tarehe 12 Novemba, siku 43, ndefu kuliko zote zilizoitangulia. Ugomvi ulikuwa juu ya ruzuku za bima ya afya. Na angalia: wakati huo chama kimoja kilikuwa na ikulu, Baraza na Seneti. Kilichokosekana ni ile namba uliyoizungushia duara. Kila mwisho wa Septemba, kama una faili la mradi au malipo yanayopita ofisi za Washington, uliza mapema.

Kuhusu redio. Kwa miaka mingi nilisikiliza Sauti ya Amerika kwa Kiswahili jioni, nikiwa na kalamu mkononi. Machi 2025, kwa amri ya rais, wafanyakazi zaidi ya 1,000 wa redio hiyo waliwekwa likizo ya lazima, na masafa yale yakanyamaza. Iliniuma kama kuondokewa na jirani. Kwa hiyo usitegemee mdomo mmoja. Nasikiliza Radio Okapi, BBC na RFI kwa Kiswahili, na namba siiandiki mpaka nimeisikia kwa wawili. Umeme unapokatika, mawe (betri) ya redio yawe kando. Ukiwa na mega, nenda moja kwa moja kutafuta matokeo ya kura, “51 kwa 48” na kadhalika. Acha video. Video za siasa za Marekani zinazozunguka hapa kwetu karibu zote zimekatwa ili ukasirike.

Hasira hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kwetu Kadutu tunakutana Jumamosi chini ya mparachichi, watu kumi na kitu, na nimeona mashemeji wawili wakiacha kusalimiana kwa ajili ya Trump na Harris, watu ambao hawajui hata barabara moja ya Bukavu. Mgawanyiko wao tunauchukua bure na kuupanda kwenye udongo wetu, na wetu unatutosha. Nimeweka utaratibu, nawe uujaribu ukiongoza mazungumzo. Mtu haruhusiwi kusema “mzuri” au “mbaya” kabla hajataja namba moja kutoka daftarini. Mama anayeuza sambaza akiniuliza, “Papa, huyu mpya atatusaidia?” namjibu, “Mama, tuhesabu viti kwanza.” Siku hizi hanisubiri, anahesabu mwenyewe, na ananikumbusha nikisahau Makamu wa Rais.

Nawaeleza pia habari ya tarehe 6 Januari 2021 hadi mwisho wake, kwa sababu wengi wanajua mwanzo tu. Umati ulivunja madirisha ya Bunge ili kuzuia kuhesabiwa kwa kura za Joe Biden. Watu huku waliona picha wakasema, nao ni kama sisi. Lakini wabunge walirudi usiku ule ule, na saa tisa na dakika 40 usiku hesabu ikakamilika, mbele ya Makamu wa Rais Mike Pence, aliyekuwa wa upande ulioshindwa. Kwetu ilikuwa saa nne na dakika 40 asubuhi. Hata baada ya madirisha kuvunjwa, wabunge na maseneta 147 walipiga kura kupinga matokeo ya jimbo moja au zaidi. Andika yote mawili kwenye ukurasa mmoja: hesabu ilimalizika, na 147. Ukiandika moja tu, utadhani unaielewa nchi ile.

Tarehe ya kuanzia daftari jipya ni tarehe 3 Novemba 2026. Siku hiyo viti vyote 435 vya Baraza na karibu theluthi ya Seneti vinapigiwa kura, ikulu haiguswi. Nunua inite za simu siku moja kabla. Chora mistari miwili, andika 218 juu ya mmoja na 51 juu ya mwingine, weka 60 kwenye duara lake, na uache nafasi. Utajaza asubuhi, baada ya chai.